Nani Atalipa Mwaka wa Tatu?

Mtoto wa nyumba isiyo na mshahara akiitwa na chuo cha Marekani, majirani huanza kusherehekea siku hiyohiyo. Mimi huwaomba wangoje kidogo. Barua ya kupokelewa hueleza tu kwamba chuo kimekutaka. Inayofuata, ile ya fedha, ndiyo hueleza kama utaweza kwenda, na ukienda kama utamaliza. Naandika haya kwa ajili ya vijana wa Kenya waliofanya vyema katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, ambao wazazi wao hutegemea chai, mboga, bodaboda au kibarua, na ambao husikia habari za ufadhili wa majuu kila upande bila kuelezwa ufadhili huo hufanya kazi vipi.

Kwetu ni Vihiga. Baba ana kishamba cha chai kisichofika ekari moja, mama huuza mboga sokoni. Nilifanya KCSE mwaka 2022, matokeo yakatoka Januari 2023, nikawa na A. Darasa letu ndilo lililokuwa la kwanza kuingia vyuo vikuu chini ya mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei mwaka huo, ambapo serikali hupima uwezo wa kila familia kabla ya kugawa ufadhili na mkopo. KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ilinipa uhandisi katika chuo kikuu cha umma. Sehemu kubwa ya gharama ikagawanywa kati ya ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na wazazi wakaachiwa asilimia 7. Septemba nikaripoti chuoni kama wenzangu.

Nataja haya kwa sababu watu wengi husimulia habari za kwenda ng'ambo kana kwamba nyumbani hakukuwa na kitu. Nilikuwa na nafasi nzuri. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4, nafuu kuliko benki yoyote niijuayo, na uhandisi ni kazi ya heshima. Chochote ambacho Marekani ingenipa kilipaswa kushindana na hicho, na nilikiweka mezani mpaka siku ya mwisho.

Aliyenifungulia mlango wa pili ni mwalimu wangu wa fizikia. Alikuwa amewahi kuwaandikia barua wanafunzi wengine, na alijua jambo ambalo mimi sikulijua: bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo cha Marekani ni ya mwenye nacho. Vyuo ghali zaidi huandika zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, ukijumlisha karo, chumba, chakula, bima na vitabu. Mtu wa kwetu akiona namba hiyo hufunga kompyuta. Lakini baadhi ya vyuo hivyohivyo vimekaa juu ya wakfu mkubwa, fedha zilizotolewa na wahitimu na matajiri kwa vizazi na vizazi na kuwekezwa. Wakfu wa Harvard peke yake umepita dola bilioni 50. Faida ya uwekezaji huo husaidia kuwalipia wasio na uwezo. Hapo ndipo mambo hugeuka: chuo chenye bei ya kutisha kinaweza kuwa rahisi kwa mtoto wa mkulima kuliko chuo cha bei ya wastani kisicho na wakfu.

Lakini si vyote, na hapa ndipo kijana anatakiwa asome polepole. Mwaka nilioomba, vyuo vilivyokuwa vinaamua kuhusu mwombaji wa kigeni bila kuangalia kabisa uwezo wake, kisha kumjazia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yake akishapokelewa, vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vilikuwa na utaratibu huo tangu zamani, Dartmouth na Bowdoin vikaongezeka mwaka 2022. Baadaye Brown na Notre Dame navyo vikajiunga. Ni vyuo vinavyopokea watu wachache mno. Harvard huchukua kama wanne katika kila waombaji 100, na humo umo na mtoto wa balozi, mwenye medali ya olimpiadi ya hisabati, na wewe.

Kundi la pili ni kubwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa kusomwa kwa makini na watu wa kwetu. Ni vyuo ambavyo huangalia mfuko wako wakati wa kuamua, lakini vikishakukubali huahidi kujaza pengo lote. Williams, Swarthmore na Macalester ni mifano. Vingi ni vidogo, vya wanafunzi elfu mbili hivi, na hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kuvisikia. Huko umaskini wako unaweza kukunyima nafasi, kwa kuwa bajeti ya wageni ina mwisho. Ila ukiingia, umeingia na chakula chako. Kipo pia chuo cha pekee kama Berea, huko Kentucky, kilichoanzishwa 1855, ambacho hakitozi karo kabisa na kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Wageni wanaopokelewa huko kila mwaka ni wachache.

Kundi la tatu ndilo linaloumiza. Ni vyuo vinavyompokea mgeni kwa furaha, vinampa tuzo yenye jina zuri, dola elfu ishirini au thelathini kwa mwaka, kisha vinamwachia zilizobaki. Vyuo vikuu vingi vya majimbo navyo humtoza mgeni bei ya juu na kumsaidia kidogo sana. Havidanganyi. Namba zote ziko kwenye barua. Mtu wa kwetu akiona "dola 30,000" anaona shilingi milioni nne za bure, haoni milioni sita anazodaiwa.

Fomu za fedha zilinichosha kuliko insha. Raia wa Marekani hujaza FAFSA, fomu ya serikali yao, ambayo mgeni haimhusu. Sisi hujaza CSS Profile, au fomu nyingine ambayo chuo chenyewe hutoa. CSS hulipiwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Niliandikia ofisi za misaada nikieleza hali, na baadhi zikaniruhusu nitumie fomu yao ya bure. Ada ya kuomba nafasi nayo huondolewa ukithibitishiwa na mwalimu kwamba huna uwezo. Usione haya kuuliza. Maofisa wale wameajiriwa kwa ajili ya maswali hayohayo.

CSS iliuliza thamani ya nyumba yetu, akiba ya benki, mshahara wa baba, mshahara wa mama, magari, hisa. Baba hana hati ya mshahara. Ana karatasi za malipo ya chai: kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na bonasi ambayo huja mara moja kwa mwaka, ambayo huwa imeshaliwa na madeni kabla haijafika. Mama ana simu yake na taarifa ya M-Pesa. Nilizipiga picha karatasi zote za chai za mwaka mzima, nikachapisha taarifa ya M-Pesa, nikaenda kwa chifu akaandika barua yenye muhuri, nikaongeza barua ya shule iliyoonyesha salio la karo lililokuwa halijalipwa. Kisha nikaandika ukurasa mmoja wa maelezo: nani anaishi nyumbani, nani anasoma, chai hulipwaje, mboga hulipwaje, nani anatibiwa.

Jamaa mmoja wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, kwa nia njema kabisa, alinishauri niandike sifuri kila mahali na kusema baba amefariki. "Hawa wazungu watajuaje?" Nilikataa. Baba yangu yuko hai, anavuna chai saa kumi na mbili asubuhi, na nisingeanza masomo kwa kumzika kwenye fomu. Zaidi ya hapo, uongo wa aina hiyo hukaa kwenye faili miaka yote minne, na fomu hujazwa upya kila mwaka.

Mama ndiye aliyeumia zaidi. Katika malezi yake, shida za nyumba ni za nyumba. Alikaa nami jikoni nikimsomea maswali, akawa anajibu huku akiangalia moto. Tulipofika swali la mwisho, familia inaweza kuchangia kiasi gani kwa mwaka, alinyamaza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshaandika sifuri kwa penseli.

"Futa hiyo," akasema. "Shule ya upili tulikulipia ngapi?"

Karo ya shule ya kitaifa ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Hatukuilipa kwa wakati, lakini tuliilipa, kwa chama, kwa bonasi ya chai, mara moja kwa kuuza ndama.

"Basi hiyo tunaiweza. Tumeshaionyesha. Andika hiyo, na waambie tuliitoa wapi."

Wakati ule dola ilikuwa inapanda ovyo, imepita shilingi 150, kwa hiyo ikawa kama dola 350. Nikaandika 350 na kueleza chanzo chake. Mpaka leo naona hiyo ndiyo hesabu ya kweli kuliko zote zilizokuwa kwenye fomu ile, na kila mtu anayeniuliza aandike nini mahali hapo humwambia afanye alivyofanya mama yangu: atazame nyumba yake imewahi kulipa nini bila kuuza kitu kinachoizalishia.

Kwenye barua za walimu nitapita haraka, ila jambo moja lina uzito. Barua nyingi za shule zetu husema mwanafunzi ni mtiifu, mwenye nidhamu, na anapendekezwa bila kusita. Zote hufanana. Nilimwomba mwalimu wa fizikia aandike yale aliyoyaona kwa macho yake, naye akaandika juu ya mwaka ambao maabara yetu ilikosa vifaa na jinsi kikundi chetu kilivyotengeneza vyetu kwa waya na betri za redio. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nilifanya, ingawa vyuo vingi mwaka ule vilikuwa havilazimishi. MIT ilikuwa imerudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikafuata, kwa hiyo anayejiandaa sasa apange bajeti ya mtihani mapema na aende akazungumze na washauri wa EducationUSA wa ubalozi wa Marekani Nairobi, ambao hawatozi kitu.

Kulikuwa pia na uamuzi wa kuomba mapema kwa njia inayokufunga, ambapo unaahidi chuo kimoja kwamba kikikuchukua utakwenda. Katika baadhi ya vyuo vya kundi la pili njia hiyo inaweza kumsaidia mwombaji. Ukipokelewa na msaada usitoshe, unaruhusiwa kujitoa. Sikuitumia. Nilitaka kuweka barua mbili mezani na kuzilinganisha, na yule anayejifunga mapema hupata barua moja tu. Najua wenzangu waliojifunga wakafanikiwa sana, na siwakosoi. Walikuwa wamekisoma chuo chao mpaka mwisho na kujua kitajaza pengo.

Machi 2024 majibu yakaja. Vyuo vingi vilikataa, vile vyenye majina makubwa zaidi vyote. Viwili vilikubali.

Cha kwanza kilikuwa chuo kikuu ambacho hata dereva wa matatu anakijua jina. Gharama dola 79,000, tuzo dola 32,000 kila mwaka. Pengo dola 47,000. Cha pili kilikuwa chuo kidogo katikati ya Marekani, jina ambalo baba hakuweza kulitamka. Gharama dola 76,000. Msaada usiorudishwa 72,700. Kazi ya chuoni 2,800. Familia 500.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa uhandisi wakati huo. Nikapanda basi kwenda nyumbani.

Baba mdogo alikuwa amefika kabla yangu. Ndiye msomi wa ukoo, amefanya kazi mjini, na alinipenda kama mwanawe. Alikuwa na mpango kamili. Kipande cha chai cha upande wa barabara kingeuzwa, harambee ingeitishwa kanisani na nyingine Nairobi, mheshimiwa angealikwa. Alisema jina la chuo lile litafungua milango ambayo ukoo wetu haujawahi kuigusa, na kwamba watu wakubwa hawaendi vyuo visivyojulikana.

Hakuwa anasema upuuzi. Jina lina nguvu, hasa nyumbani, ambako mwajiri anaweza asijue chuo kidogo hata kiwe bora vipi. Nilimpa haki hiyo mbele ya wote. Kisha nikatoa karatasi.

Mwezi Januari, dola ilipokuwa inakaribia shilingi 160, pengo la chuo kikubwa lilikuwa shilingi milioni saba na nusu kwa mwaka. Serikali ilipofanikiwa kupanga ulipaji wa deni la Eurobond mwezi Februari, shilingi ikapata nguvu, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Pengo likashuka hadi kama milioni sita. Nikawaambia wazee: angalieni, hakuna mtu hapa aliyefanya lolote, lakini deni limesogea kwa zaidi ya milioni moja katika miezi mitatu. Safari hii limeshuka. Likipanda nikiwa kule, tutalipa kwa chai?

Baba mdogo akasema harambee nzuri inaweza kuleta laki nane. Ni kweli, inaweza. Ingelipia kama mwezi mmoja na nusu.

Mama alikuwa amekaa upande wa mlango. Akauliza kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, tukiuza chai tulipe mwaka wa kwanza, harambee ilipe nusu ya wa pili. Nani atalipa mwaka wa tatu?"

Hakuna aliyejibu. Watu huchangia kumsindikiza mtu anayeondoka. Kwa mwanafunzi aliyeko tayari huko, aliyesimamishwa masomo kwa deni, harambee haiitwi. Mwaka mmoja kabla, 2023, nchi nzima ilikuwa imesikia kilio cha wazazi wa Uasin Gishu waliolipa pesa nyingi katika mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Finland na Kanada, wengine baada ya kuuza mashamba. Sura za wazazi wale kwenye televisheni zilikuwa sura za watu wa kwetu. Baba, ambaye alikuwa hajasema neno, akasema chai haiuzwi.

Kwa hiyo chuo kikubwa kikatoka. Kikabaki kidogo, na uhandisi wa nyumbani. Uchaguzi huo wa pili ulinisumbua zaidi, kwa sababu vyote viwili vililipika. Nyumbani ningekuwa karibu na wazazi na ningemaliza na deni la HELB ambalo mshahara wa mhandisi ungelibeba, kama mshahara huo ungepatikana. Chuo kidogo hakikuwa na deni kabisa, ila hakikuwa na shahada ya uhandisi. Ningesoma fizikia na sayansi ya kompyuta. Kilichoamua ni ile safu ya msaada usiorudishwa. Kuanza maisha bila deni, kwa mtu ambaye wadogo zake watatu wanamngoja, nilikuona kuwa uhuru wa kuchagua kazi badala ya kukimbilia ya kwanza.

Lakini kabla ya kukubali, niliwaandikia ofisi ya misaada maswali. Nitayaeleza, kwa kuwa majibu yake hayakuwa kwenye barua.

Niliuliza kama karo ikipanda, nao msaada utapanda. Karo hupanda karibu kila mwaka. Wakajibu kwamba pengo litapimwa upya kila mwaka na kujazwa. Kwenye chuo kile kikubwa tuzo ilikuwa ni ileile dola 32,000 kwa miaka yote minne, maana yake pengo lingekua, na ilikuwa na sharti la alama za kuidumisha.

Niliuliza zile dola 2,800 za kazi zinadaiwa lini. Watu husoma safu ya kazi kama fedha zilizoko. Hazipo. Ni fedha utakazozipata saa kwa saa, jikoni au maktabani, baada ya kufika, na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, hukuruhusu kufanya kazi chuoni saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kama chuo kinataka bili ya muhula wa kwanza ilipwe yote Agosti, safu hiyo ni shimo. Wakanikubalia nilipe kidogo kidogo kadiri ninavyolipwa.

Niliuliza juu ya kodi. Hili hakuna aliyekuwa ameniambia mpaka nilipokutana nalo kwenye maelezo ya mwanafunzi mmoja. Sheria ya Marekani huhesabu sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula kuwa mapato, na kwa mgeni mwenye viza ya F-1 hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kutukinga. Kwa msaada kama wangu, kodi hiyo ingeweza kupita dola 2,000 kwa mwaka, mara nne ya mchango wa familia yangu. Chuo changu huongeza msaada ili kuifidia. Vingine humwachia mwanafunzi bili. Uliza kabla ya kusaini, na uombe jibu kwa maandishi.

Tarehe 1 Mei ndiyo siku ya kawaida ya kutoa jibu. Nikakubali chuo kidogo, kisha nikaandikia chuo kikubwa kuwashukuru.

Zilikuja gharama nyingine, lakini hizi zilikuwa za aina tofauti: zilijulikana na zilikuwa za mara moja. Dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni, dola 185 za ombi la viza, nauli ya ndege, nguo za baridi. Chama cha mama kilikopesha, baba mdogo akaitisha ile harambee yake aliyoitamani, nyumbani kwetu, bila mheshimiwa, na ikatosha tiketi na mabegi. Nilifurahi sana kwamba ilikuwa yeye. Kwenye mahojiano ya viza ofisa aliangalia fomu yangu ya I-20, ambayo huonyesha nani analipa nini, akaniuliza maswali machache kuhusu familia na masomo. Fomu ilikuwa na pengo la dola 500 tu na karatasi za chai za kulieleza.

Huku nimekutana na Wamarekani waliopambana na mambo haya kwa lugha yao wenyewe. Rafiki yangu wa karibu ni binti wa mama anayefanya kazi ya usafi hospitalini. Yeye ana Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo mwaka tulioingia haikuzidi dola 7,395. FAFSA mpya ilichelewa sana mwaka ule, wenzake wengi wa shule walifika Mei bila kujua wanadaiwa ngapi, na wengine wakaacha kabisa habari ya chuo. Nilikuwa nimedhani umaskini wa hapa hauna fomu za kuchosha. Tulikaa usiku mmoja tukilinganisha za kwake na zangu.

Maisha ya mwenye msaada kamili yana mambo ambayo barua haiyataji. Mabweni hufungwa Krismasi na inabidi uombe kubaki. Wengine hutoka kula nje, wewe una kadi ya mkahawa wa chuo tu. Jumbe kutoka nyumbani huja zikidhani una mshahara: binamu anadaiwa karo, jirani ana mgonjwa. Hutuma ninachoweza kutoka kwenye kazi ya maktaba, na nimejifunza kumwambia mama kiasi halisi ninacholipwa kwa saa na ninachodaiwa, ili naye awe na la kuwajibu watu.

Sasa niko mwaka wa pili, na mwezi huu nimejaza tena fomu ya msaada ya mwaka wa tatu. Mama alinitumia picha za karatasi za chai kabla sijaziomba, zimepangwa kwa tarehe. Mdogo wangu anafanya KCSE mwaka huu na ameshaanza kuniandikia orodha ya vyuo. Orodha ya kwanza ilikuwa ya majina makubwa tu. Nilimrudishia, nikamwomba aandike mbele ya kila jina mambo matatu: kama chuo huangalia mfuko wa mgeni wakati wa kuamua, kama hujaza pengo lote, na nani hulipa kodi ya chumba na chakula. Ya pili imefupika, ina vyuo ambavyo hata mimi sikuvijua, na juu kabisa ameandika kozi anazotaka kuchagua KUCCPS.